Mama Nukta na Darasa la Ng'ambo ya Korido

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Nukta kwa kuwa hakusamehe sentensi isiyo na nukta, na kwa kuwa hakupenda habari iliyopakwa rangi, tutayasema kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa baba karani wa posta na mama mshonaji, akasoma hadi chuo kikuu, na mwaka 1991 akaajiriwa hukohuko kufundisha mawasiliano ya kitaaluma, yaani kuandika tasnifu isiyomchosha msomaji na kusimama mbele za watu bila kutetemeka. Mwaka 1993 alifunga ndoa na fundi redio, wakajaliwa mabinti wawili.

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye marehemu alimfundisha kusoma akimkalisha kando ya cherehani ya mama, aliajiriwa idara hiyohiyo mwaka 2009 kufundisha habari za kidijitali, na hapo ndipo wivu ulipoingia. Chumba cha mdogo kilijaa hadi wengine wakakaa chini, cha mkubwa kikabaki na viti vya kuchagua, na kwa kuwa vyumba hivyo vilitazamana, korido ikiwa katikati, kila kicheko kilichotoka kule kilimchoma. Alimwambia mumewe, "Anawachezesha simu, mimi nawafundisha kufikiri," naye shemeji akamjibu, "Mke wangu, sema tu roho inakuuma." Mkuu wa idara alipounganisha masomo yao, wanafunzi waliandika kwanza kwa marehemu, kisha wakarekodi video kwa mdogo wake, sifa zote zikaenda kwenye video, na dada yetu akaacha kukaa naye meza moja, hata kwenye harusi ya bintiye mwenyewe.

Mwaka 2022 sauti ilianza kukauka, na daktari alipomwambia ana uvimbe kooni, alicheka akasema, "Kumbe donge ni kitu cha kweli." Hakutaka mtu aguse darasa lake, akafundisha kwa kunong'ona, hadi asubuhi moja mdogo wake alipoingia bila kuitwa, akasimama ubavuni pake, akawa anausikiliza mnong'ono na kuutoa kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Makofi yalipopigwa, marehemu alinong'ona, "Wamekupigia wewe," mdogo akajibu, "Ndiyo, dada, na kesho naja tena," na akaja muhula mzima, bila yeyote kati yao kuomba radhi.

Alipolazwa, aliuliza ni nani amepewa darasa, mdogo wake akasema bado hajapatikana mtu. "Mwongo, wamekupa wewe," alisema, akageukia ukutani, tukadhani amelala, kisha akageuka. "Yule binti wa safu ya nyuma anajua, ila anaogopa kuongea. Mwite kwanza." Kesho yake binti aliitwa, akasimama, akaongea hadi mwisho, na habari zilipofika kitandani marehemu aliuliza kama walimpigia makofi, akaambiwa ndiyo, sana.

"Hayo ni yangu," alisema.

Alifariki tarehe 17 Juni 2023, alfajiri, mumewe na mdogo wake wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira yao, majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliomjua alivyo na bado wakampenda. Lala salama, dada yetu, upumzike kwa amani.