Kikienda Nje Ndicho Chetu

Mjini Koboko, pale barabara ya Oraba inapoachana na njia ya kushukia Congo, pana benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kila asubuhi Shamim huweka hapo birika lake la kahawa ya tangawizi, na wenye benchi huja bila kuitwa. Kona yenyewe ni ya Laku, ingawa hakuna anayemwita Laku; wanamwita Opeki, jina wanalopewa huku West Nile wauza mafuta ya chupa na madumu yaliyovushwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Ameuza hapo miaka ishirini na miwili. Asubuhi hiyo chupa zake zilikuwa zimepangwa mezani kwa mstari, zote tupu, maana askari walikuwa wamekaa kwenye njia ya kijito, yanakovushwa mafuta usiku, wiki ya pili sasa, na hata pampu ya pale juu ilikuwa imekauka tangu juzi. Mdogo wake Moris alikuwa amemtafutia kazi Arua ya kulinda kituo cha mafuta, sare bure, rungu bure. Lori la Obitre ndilo lingempeleka, na Obitre alikuwa ametoa sharti moja tu: kahawa ikiisha, tunaondoka. Basi Laku alikuwa akiinywa kahawa yake kwa kuionja, kama mtu aliyepewa dawa.

Hakutaka kwenda, na alikuwa na hasira. Mtu aliyeuza mafuta kwa mikono yake mwenyewe, leo ayalinde ya mwenzake kwa rungu! Lakini hasira haivuki mpaka na dumu.

— Redio imesema, — Obitre alianza. Obitre ni mtu wa Adumi, upande wa Arua, dereva, na kwa kuwa katika lori lake kitu pekee kisichosumbua ni redio, nalo ndilo jina lake la kijiweni. — Mafuta ya Hoima itaenda nje. Itapita kwa bomba mpaka Tanga kwa bahari, halafu meli nabeba. Naenda ghafi.

— Uongo! — alisema Koplo. Huyu ni Ramathan, mwanajeshi mstaafu, ambaye goti lake moja halikunjiki na mdomo wake haufungiki. — Serikali gani nachimba kitu kwa nyumba yake halafu napelekea jirani? Itabaki hapa. Watajenga kiwanda.

— Wamesema watajenga, ndiyo.

— Wamesema tangu lini?

— Koplo, wewe ndiyo nasema itabaki. Mbona sasa wewe nauliza mimi?

— Nauliza kwa sababu mimi iko na akili. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndiyo maana hata petroli ya pampu iko na maji.

Hakuna aliyeona methali hiyo imeingiaje, lakini Koplo alikwisha kuitoa, na methali ya Koplo hairudishwi.

— Ghafi ndiyo nini? — Shamim aliuliza huku akimimina.

— Ghafi iko kama muhogo mbichi, — Koplo alimjibu. — Ile ya uchungu. Umeng'oa leo, ukikula leo, leo hiyo tunakuzika. Lazima uloweke, ukaushe, usage. Sasa wewe nauza muhogo mbichi Arua, halafu kesho nafunga safari kununua unga yake. Hiyo iko akili?

Laku aliweka kikombe chini. Alikuwa akingoja wafike hapo.

— Nyinyi wote hamujui mafuta, — alisema. — Mimi naomba Mungu mafuta yaende nje. Yote. Hata tone moja isibaki.

— Opeki! — Shamim alishtuka.

— Nisikilize. Sigara tulikuwa tunavuta hapa, pakiti iliandikwa nini? Ya soko la nje tu. Sukari je? Ya soko la nje. Ilipita hapa mchana kwa lori, na karatasi zote na mihuri, naenda nje. Usiku ikarudi kwa kichwa ya mutu, kupitia kijito. Rahisi kuliko ile ya Kampala! Sisi mutu wa Koboko tumelelewa na kitu ya nje. Kitu ikibaki ndani, nabaki Kampala. Ikienda nje, ndiyo yetu.

Jambo hilo lilikuwa kweli tupu. Kule kwingine nje ni ughaibuni. Koboko nje ni pale shangazi yako anapolima karanga, ukipiga kelele anakuitikia.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — Koplo alionya.

— Mafuta si maji, Afande. Ikimwagika tunazoa. Mimi nimezoa miaka ishirini na mbili.

— Sawa, — Obitre akasema, — lakini hii mafuta yetu iko na shida. Nzito. Naganda kama samli. Ndiyo bomba lazima wapashe moto njia yote mpaka Tanga.

— Umeona! — Laku aliruka. — Naganda kwa joto hii yetu. Sasa ikifika Ulaya, kwa ile baridi? Itakuwa jiwe. Watafanya nini na jiwe? Watarudisha!

— Na wakikataa kurudisha, — Koplo alisema, akasahau kwamba alikuwa upande wa mafuta kubaki, — iko njia ya jeshi. Mutu mmoja tu kule Tanga nafunga bomba. Mafuta nafika, nakuta mlango imefungwa. Itafanya nini? Nageuka nyuma, narudi kwa mbio mpaka Hoima, napita Hoima, nakuja huku. Mimi nilifanya hivyo na maji ya kambi. Kamanda aliogeshwa na nguo.

— Bomba haiko huku, Koplo.

— Ikiwa na mbio, nahitaji bomba ya nini?

Shamim alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye sahani, kisha akatoa hoja yake, naye akiwa hacheki tena.

— Nyinyi nabishana bure. Ile ziwa ya Hoima, mafuta iko chini yake, iko ya nchi mbili, sisi na Congo, na mafuta chini hapana jua mpaka. Kikombe moja, mirija mbili. Nyinyi iko hapa naenda nje, nabaki ndani, na yule wa upande ingine ameshaweka mdomo, nanyonya. Siku mutafika, mutakuta povu.

Hilo likawauma wote. Koplo alitaka apewe bunduki yake. Obitre alisema atauliza redioni. Laku alisema ikiwa ni hivyo basi ndiyo afadhali zaidi, kwa sababu wakinyonya Congo itauzwa Congo, na Congo ni hapo.

— Wewe kila mlango nafungua kwako, — Obitre alisema.

— Kwa sababu kwingine kote imefungwa! — Laku alipaza sauti. — Kwa nini niende Arua nivae kofia ya mutu? Watu wa hapa wakikosa mafuta saa sita ya usiku, nani waliita? Mgonjwa akikwama kwa pikipiki, nani waliamsha? Mimi hapana mulinzi wa mafuta. Mimi ndiyo mafuta!

Shamim aliinamisha birika juu ya kikombe chake, likatoa mashapo, kisha hata mashapo yakakoma. Obitre akasimama, akajinyoosha mgongo.

— Imeisha, Opeki. Chukua begi. Bosi naningoja.

Laku akalichukua begi. Alikuwa ameshalitupia begani, na uso wake umekauka, alipofika mwanamke akisukuma baiskeli iliyofungwa dumu nyuma. Benchi halikumjua. Ni Santina, mwenye mashine ya kusaga kule Ludara, na vumbi lilikuwa limempanda hadi kwenye kope.

— Habari zenu, wazee. Nimeambiwa hapa ndiyo kwa Opeki. Dizeli iko?

Mtu angejibu iko au haiko. Lakini Koplo alisafisha koo na kuanza kumweleza habari za Hoima, na bomba, na Tanga, na jinsi mafuta yatakavyoganda Ulaya na kurudishwa. Santina alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, mkono juu ya dumu lake.

— Asante, mzee. Mimi nauliza ya leo. Watu wamepanga foleni kwa mashine yangu tangu juzi, muhogo imekauka iko kwa beseni, watoto nakula embe tu. — Akageuka, akaliangalia lori lililosimama hatua kumi kutoka hapo. — Na hii gari? Yenyewe nakunywa nini?

Koplo akaangalia goti lake. Shamim akasugua birika ambalo lilikuwa safi.

Laku alisikia aibu ikimpanda, kisha ikageuka kuwa kitu kingine. Asubuhi nzima alikuwa amezungusha mafuta baharini na kuyarudisha kwa njia ya kijito, na kumbe dizeli ilikuwa hapo hapo, inaondoka kwenda Arua, na yeye juu yake. Akalitua begi. Akachomoa mpira wa kunyonyea mafuta chini ya meza.

— Redio, leta funguo ya tangi.

— Opeki, hapana. Hiyo iko ya kufika Arua tu. Bosi napima na kijiti!

— Najua.

— Na wewe mwenyewe ndiyo unaenda nayo!

— Mimi hapana enda. Ambia Moris atafute mutu mwingine wa rungu.

Obitre aligeukia benchi kuomba msaada, akakutana na macho ya Shamim.

— Redio, mchana wewe nakula ugali ya muhogo kwa dada yangu. Kila siku nashiba, nalamba kidole. Unga natoka wapi?

Obitre akatukana kwa Kilugbara, maneno ambayo hayaandikiki, akazitupa funguo. Laku akapiga magoti vumbini, akautia mpira ndani ya tangi, akavuta kwa nguvu, akatema, na dizeli ikaanza kumiminika ndani ya dumu la Santina. Ilimchoma ulimi. Hakuwahi kufurahia uchungu namna ile. Koplo, kwa goti lake bovu, alisimama wima kama aliye kwenye gwaride, akakataza wapita njia kuvuta sigara.

Dumu lilijaa. Tangi likabaki linagugumia, kisha likanyamaza. Laku akalifunga dumu, akalipandisha kwenye baiskeli, akalikaza kwa mpira ule ule.

— Sasa mimi nalala wapi leo? — Obitre aliuliza.

— Nyumbani kwangu, — alisema Laku, akashika nyuma ya baiskeli, akaanza kumsukumia Santina kupanda kilima.