Jiji Juu ya Gunia

Tangu Dongobesh Saumu alikuwa amekalia gunia moja la maharage nyuma ya lori na kuegemea lingine. Hilo la kuegemea, Halfani, fundi cherehani aliyetoka Dar es Salaam, alikuwa akilichora ramani ya jiji hilo kwa chaki yake.

“Hapa Kariakoo, hapa bandarini,” alimwambia mzee Gidamis, abiria mwenzao. “Wajukuu wetu watapata basi kila robo saa, na treni itapita juu ya mapaa.”

Lori liliwarusha kama mahindi kwenye ungo. Saumu alijiuliza nani atapata usingizi chini ya treni hiyo.

“Mwanangu yuko huko mwaka wa nne,” alisema Gidamis, aliyekwenda boma Mbulu kuulizia barua akarudi mikono mitupu. “Mama yake ni mgonjwa. Apande lipi afike nyumbani Getanuwas?”

Halfani alitafuta nafasi, lakini gunia lilikuwa limejaa mistari. “Getanuwas iko nje ya jiji, mzee.”

“Nje wapi? Nionyeshe.”

Saumu aliinuka kwa uchovu kwenye gunia alilokalia. “Chora hapa, fundi.”

Kabla chaki haijagusa gunia, lori likasimama Katesh. Wapagazi wakaondoka na gunia lenye jiji. Lile lingine lilibaki bila mstari, na mzee akaendelea kulitazama.