Siterni ya Ananie

Ku njia panda yenye kushuka ku chemchemi, kule Butembo, kuko banc moja, kiti kirefu ya mbao, na kila asubuhi marafiki wawili wako pale na kahawa yao. Ézéchiel wanamuita Ingénieur, kwa sababu alishabebaka matofali ku chantier ya kujenga kanisa. Mwenzake wanamuita Mazout, jina ya mafuta ya makamyo, kwa sababu zamani alikuwa akipanda makamyo ya Eringeti, akilala juu ya mizigo. Asubuhi hiyo Ananie, muuza maharagi, alifika na uso umekunjamana. Bibi yake Bénite alikuwa amezaa juma lililopita, na mama mukwe alikuwa njiani toka Musienene kumuona mujukuu. Tangu Bénite apate mimba, Ananie alimuahidi siterni, tangi ya kukinga maji ya mvula. Hata tofali moja bado.

— Nijenge na nini? akauliza. Matofali ao plastike?

— Matofali na sima ya kujengea, Ingénieur akasema. Plastike ni ya batu ba haraka. Haraka haraka haina baraka.

— Mais mama mukwe anafika leo!

— Basi utie sima kidogo, udongo mingi.

— Udongo itayeyuka, Mazout akadakia. Kamata pipa ya mazout. Ile chuma haizeeke.

— Na harufu?

— Harufu inafukuza mbu. Donc unakunywa maji na dawa pamoja.

— Na kama iko na tundu?

— Haba na haba hujaza kibaba, ndugu yangu. Acha ivuje, uweke kibaba chini!

Ingénieur akasimama, kikombe mkononi.

— Munafikiri kidogo sana! Chimba shimo kubwa nyuma ya nyumba, tandika bâche, ile turubai ya makamyo. Mvula inajaza, unafuga na samaki.

— Na mutoto akitumbukia?

— Atajua kuogelea mbele ya batoto ba Goma, benye kuzaliwa ku ziwa!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ananie naye alicheka, lakini akakata kicheko: mama mmoja alikuwa akishuka toka upande wa nyumba yake, kitambaa kichwani, bidon tupu mkononi. Jokébed. Mama mukwe mwenyewe.

Wengine nao wakasimama.

— Karibu, mama, Ananie akasema, macho chini.

— Asante, mukwe. Nimetoka kwenu. Mujukuu wangu analia. Maji ya kumuogesha iko wapi?

Mazout akaangalia Ingénieur. Ingénieur akaangalia mbingu, na mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu.

— Mama, Ingénieur akaanza, hiyo inategemea matériel ya kujenga...

— Matériel sikuuliza.

Ananie akapokea bidon kwa mikono miwili, akashuka kilima bila kugeuka nyuma. Ku chemchemi wanawake walikuwa wamepanga mstari murefu. Walipomuona mwanaume na bidon, wakageuka wote: kuchota maji ni kazi ya wanawake.

— Papa, mmoja akauliza polepole, bibi amekufa?

— Hapana. Mama mukwe amefika.

Wakamuachia nafasi ya mbele.