Jina la Ndege wa Kibaoni

Hebu fumba macho kidogo, uone benchi la mbao nje ya duka la rangi, miguu mitatu mizima na wa nne umekazwa kwa waya. Ni asubuhi. Birika la kahawa linafuka mvuke, na kibao kipana kimeegemezwa ukutani, kimefutwa neno la mwisho. Yaliyobaki yanasomeka: TAFADHALI USIKANYAGE MAYAI YA. Hapo ndipo Fundi Rangi alipokwama.

Wiki mbili nyuma aliandika SHAKWE, kama alivyoelekezwa na Kamusi, msahihishaji wa magazeti ambaye sisi wa benchini ndio tuliombandika jina hilo. Kibao kikasimamishwa ufukweni. Watu wakakisoma, wakacheka: shakwe, mwizi wa samaki sokoni, naye alindwe? Wakapita palepale. Mayai manne yakapondeka mchangani. Sasa saa sita ofisi ya hifadhi ya ufukwe, iliyokirudisha kibao, inakuja kukichukua kikiwa kimesahihishwa, na ndege waliobaki bado wanaatamia.

— Kitabu kinasema shakwe, Kamusi alijitetea. Mweupe, wa baharini, unataka nini tena?

— Nataka nilale vizuri, bwana, Fundi alimjibu.

Breki, dereva wa lori, aliichukua karatasi ya ofisi, iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, akataka tufasiri neno kwa neno. Wenye lugha hiyo wanamwita mbayuwayu wa bahari, basi na kwetu awe hivyo. Kamusi akamuuliza ni mbayuwayu gani anayekula samaki. Breki hakukubali kushindwa. Alisema ndege anayehama nchi hadi nchi hana lugha. Apewe namba, kama lori. Mama Kahawa, huku akimimina, akaona namba ni dharau. Aitwe Mheshimiwa, watu waogope kumkanyagia mayai.

— Mheshimiwa gani anataga chini? Breki akamchokoza.

Tulicheka. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa anakoroga rangi isiyohitaji kukorogwa.

Ndipo akaja mama mmoja anayeanika samaki, mchanga bado umemganda miguuni, akaomba kikombe. Alikisoma kibao, kisha akaitazama picha kwenye karatasi: kichwa cheusi kwa juu, mkia wenye panda mbili.

— Kule ufukweni mlimuuliza nani?

Kamusi alifunua kurasa, akazifunga. Breki alichungulia kikombe chake kitupu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda kuuliza.

Fundi akaweka kijiti chini.

— Wewe unamwitaje, dada?

— Buabua, alisema, kama anayemtaja jirani. Shakwe ndiye anayewala makinda wao.

Kibao kilipoondoka saa sita, rangi ya neno BUABUA ilikuwa bado mbichi. Siku ukipita kule, angalia unapokanyaga. Na tafadhali ukumbuke jambo moja tu: jina lile tulipewa na mtu mwenye mchanga miguuni.