Sumaku ya Kwaya Imebaki Kimamba

Wasikilizaji wapendwa, wa Kilosa mjini, wa Mikumi barabarani, na ninyi wa milimani mnaotupata kwa tabu, Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Ni mimi mama Imani.

Leo tunamkumbuka fundi Melkizedek wa Mikumi. Fundi Melkizedek, mtu wa magitaa ya besi. Alitutoka mwezi wa pili. Mpaka leo nikilitaja jina lake nafurahi kidogo, halafu naudhika. Mtanisamehe. Nitawaeleza.

Alizaliwa milimani juu ya Kilosa, akashuka Mikumi kijana. Kazi yake ilikuwa umeme wa malori. Alteneta ikiungua, mwite Melkizedek. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye besi. Bendi ya mashamba ya mkonge kule Kimamba ilipokufa, besi yake nyekundu ilibaki ghalani, inazuia mlango usijifunge. Melkizedek alipopata habari aliifuata siku hiyo hiyo, akarudi ameipakata kama mtoto mchanga. Nyingine aliletewa na dereva wa Tunduma, shingo imevunjika. Mjane wake, Yunis, tunayemwita mama Debora, anasimulia:

"Shingo mpya aliichonga kwa tendegu la kitanda chetu. Eti mninga mzuri. Nami nikalalia miguu mitatu na tofali."

Magitaa yalifika saba. Aliyatundika sebuleni, pale wengine tunapotundika picha ya harusi. Na hakuna aliloliacha kama lilivyokuja. Hili aliling'oa vyuma vya shingoni ili sauti iteleze. Lile akaliongezea uzi wa tano. Koili alisuka mwenyewe kwa waya mwembamba wa mota za feni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana shida iko hapa. Gitaa moja likikosa kitu, alikitoa kwenye gitaa jingine. Kitufe cha hili kiko kwenye lile. Tundu la kuchomekea waya la lile liko kwenye hili. Yunis akilalamika, anamjibu, "Mama Debora, hawa ni ndugu. Wanaazimana."

Kabla ya Krismasi, kwaya yetu ya Mikumi ilimpelekea besi yake, ilikuwa inakoroma. Mpigaji ni dada Costancia. Ana viganja vidogo, na ni Melkizedek huyo huyo aliyemchongea shingo ikawa nyembamba. Kwa hilo Mungu ambariki. Lakini safari hii alipoifungua, aliipenda sumaku yake. Ile sumaku yenye koili, inayokaa chini ya nyuzi. Ndiyo inayokamata sauti. Bila hiyo unapiga ubao. Akaichomoa, akaiweka kwenye ile nyekundu ya Kimamba. "Najaribu tu," akasema.

Costancia alikwenda kila Jumamosi.

"Fundi, vipi?"

"Bado kidogo, mwanangu."

"Fundi, Krismasi hiyo!"

"Si mna kinanda? Kina besi humo ndani."

"Wewe si ndiye uliyesema besi ya kinanda ni uji usio na sukari?"

Akacheka. Krismasi ikapita na uji. Januari, bado kidogo. Februari presha ikampanda, akalazwa, hakurudi nyumbani. Sumaku ya kwaya ikabaki ndani ya gitaa jekundu.

Siku ya kumaliza msiba, ukoo ulikaa. Mzee Makarius, aliyeongoza kikao, aliyashusha magitaa ukutani akayagawa, kama yanavyogawiwa mashati na majembe. Yared, mdogo wa marehemu anayeishi Kimamba, akapewa lile jekundu. Debora, binti yake, akapewa la tendegu, akaenda nalo Ruaha alikoolewa. Mengine yakatawanyika.

Yunis alinyoosha mkono. "Baba, yafunguliwe kwanza. Yameazimana."

Mzee Makarius akamwambia, "Mama, magitaa hayaazimani. Kaa."

Mimi pia ni mjane, wasikilizaji wapendwa. Hiyo "kaa" naijua.

Kwaya ikarudishiwa besi yake. Ikachomekwa kanisani. Kimya. Costancia akaongeza sauti mpaka spika ikapiga mluzi. Besi kimya.

Basi tukaenda Kimamba, Yunis, Costancia na mimi. Yared alitukaribisha vizuri, sina neno.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nimefuata sumaku ya kwaya."

"Mimi sina sumaku, shemeji. Nina gitaa."

"Sumaku imo ndani ya gitaa."

"Basi ni ya gitaa."

Costancia akashindwa kuvumilia. "Kaka Yared, hilo gitaa unalipiga?"

"Silipigi."

"Utalipigaje, halina tundu la waya! Tundu lake liko Ruaha kwa Debora!"

Yared akageuka kulitazama. Gitaa lilikuwa ukutani, limefutwa vumbi vizuri. Halafu akasema taratibu, "Aliyelifunga mara ya mwisho ni kaka. Sitaki mtu mwingine alitie bisibisi."

Tukanywa chai, tukarudi mikono mitupu. Na mpaka leo, katika magitaa yote ya Melkizedek, hakuna linalolia. Hata moja. Kila nyumba ina ubao, na kila nyumba imeshika sauti ya mwenzake. Inaudhi!

Jumapili iliyopita nilimtazama Costancia. Alisimama mahali pake pa siku zote, kushoto, karibu na spika. Hakuwa na kitu mikononi. Kwaya ilipoanza kuimba, vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye joho.

Mama Debora, poleni. Debora, Yared, na ukoo wote, poleni sana. Bwana awafariji, na fundi wetu ampumzishe. Nasi tuliobaki tujiulize. Nina nini cha mtu ndani ya nyumba yangu? Nikirudishe ningali napumua. Na ninyi wazee wa vikao, mjane akinyoosha mkono, mwacheni amalize.

Yared, mdogo wangu, najua unanisikiliza, redio yako niliiona dirishani. Sumaku ni ya kwaya. Jumapili hii baada ya ibada, bisibisi za kaka yako zitakuwa mezani kwa mama Debora, kwenye mkebe wa majani ya chai. Njoo na gitaa lako. Hatuligusi. Utalifungua wewe.