Simu Inayopokewa kwa Kichwa

Mbele ya bloki la sita, mtaa wa Trakia, mjini Plovdiv, lipo benchi ambalo halijawahi kupoa. Pembeni yake kuna kidirisha cha duka la Tsonka. Duka lenyewe limo chini kabisa, usawa wa viatu vya watu, kwa hiyo ukitaka kahawa lazima uchuchumae kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Wenye benchi ni watatu. Kuna Genadi, anayeitwa Antena, kwa kuwa hakuna kifaa kipya kinachotoka duniani asikinase yeye kwanza. Kuna mzee Stamen, dereva mstaafu wa basi la jiji, anayeitwa Waziri kwa sababu huzungumza kama aliyetoka kwenye kikao cha serikali dakika hii. Na kuna shangazi Pavlina, Hakimu, ambaye hukumu zake hazina rufaa. Nevena wa ghorofa ya saba si mtu wa benchi. Hana muda huo. Lakini mchana ule alishuka na simu yake mkononi na mwanawe Bozhidar kiunoni, akamweka mtoto kwenye mchanga, akaketi ukingoni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

– Kahawa, Nevena? akauliza Hakimu.

Nevena akapeleka kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, maana alikuwa anaitaka sana. Hakimu akachuchumaa, akagonga kidirisha, kikombe kikapanda.

– Haya sema. Wewe hushuki hapa bure.

– Juu mtandao unashika vibaya, shangazi. Nasubiri simu ya chekechea. Kuna mtoto amehamia Varna, nafasi yake iko wazi. Mwalimu mkuu anapiga leo. Anampigia wa kwanza kwenye orodha mara tatu, asipopokea anakwenda kwa wa pili.

– Na wa kwanza ni nani?

– Ni mimi.

– Sasa unalia nini?

– Silii. Tazama hii.

Akawapa simu. Ilinuka kitunguu saumu. Jana Bozhidar aliitia kwenye bakuli la tarator, ile supu baridi ya maziwa mgando na matango, apate kuona kama inaelea. Haikuelea. Ilipotoka ilikuwa inawaka vizuri tu, inaita, inaonyesha jina la anayepiga, picha na kila kitu. Ila kioo kilikuwa kimekufa ganzi. Ukikigusa ni kama unagusa kigae.

– Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Waziri kwa huzuni.

– Hayakuwa maji, mzee. Ilikuwa supu.

– Ndiyo maana. Maji ungeyazoa.

Nevena akamweleza Hakimu lililobaki, kwa ufupi, kama anavyoeleza mambo yote. Kiwanda cha nguo kimemvumilia miezi mitatu. Bosi amesema Jumatatu mashine yake itashona, iwe na yeye au na mtu mwingine. Mama yake yuko kijijini na ng'ombe wake, hawezi kuja. Bila chekechea hakuna kazi, na bila kazi basi.

– Toa laini, uitie kwenye simu yangu, akasema Waziri. Nafanya hivyo tangu enzi zile.

– Haina cha kutoa, akadakia Antena, kifua mbele. Hiyo ni laini ya kisasa, imo ndani kwa ndani, haina kadi. Mimi ndiye niliyemshauri.

– Asante sana, akasema Nevena.

– Ni teknolojia nzuri mno, dada. Mwizi hawezi kuitoa.

– Na mimi pia siwezi.

– Mpigie wewe huyo mwalimu, kwa simu ya Antena, akasema Hakimu.

– Nimejaribu kwa simu ya jirani. Tangu asubuhi inatumika. Nadhani akina mama wote wa Plovdiv wamo humo.

– Iambie simu ipokee yenyewe. Siku hizi unazungumza nazo.

– Yangu haijui Kibulgaria, shangazi. Jana niliiambia ipokee, ikanitajia hali ya hewa.

Antena alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Akatoa kiboksi cheupe kama kokoto ya mtoni, akakifungua taratibu, na hata Tsonka akachungulia toka kidirishani.

– Jamani, akasema, mnakumbuka wiki iliyopita niliwaonjesha hizi? Eafoni za mwanangu Ralitsa, kaniletea toka Valencia. Nilizifunganisha na simu zenu zote, na ya Nevena pia. Zinakumbuka. Nikifungua tu hapa, zinajuana.

Nevena akakumbuka. Siku ile alisikiliza nusu ya wimbo, akaenda kuanua nguo.

– Hazina kitufe, akaendelea Antena. Vitufe ni vya zamani. Hizi zinasoma kichwa! Mikono yako imo kwenye unga, simu inaita, wewe unakubali tu kwa kichwa, inapokea. Hutaki? Unakataa kwa kichwa, inakata. Hata katikati ya mazungumzo, mtu akikuchosha, kataa, anapotea.

– Yesu wangu, akasema Hakimu. Ningekuwa nazo nilipoolewa.

Nevena hakuwa mtu wa kushangaa vitu. Alishawahi kununua sufuria iliyosifiwa sana. Lakini hii aliitazama mara mbili. Mtu aliyekaa mahali fulani na kuwafikiria wanawake wenye mikono iliyojaa unga, au mavi ya mtoto, huyo mtu anastahili heshima yake. Akazitia masikioni. Zikalia tini, zikakaa.

– Zimeshika! akasema Antena. Sasa tulieni. Na kwa kuwa tunasubiri, mimi nawaagizia mekitsi za moto, yale maandazi ya kukaanga, na sukari juu.

– Si ziko pale nyuma ya shule? akauliza Waziri. Nitembee?

– Kutembea! Mzee wangu, hii ni huduma. Nabonyeza hapa, nabonyeza hapa, kwisha. Tazama ramani. Mnaona kipikipiki hicho kidogo? Ndiye huyo. Anatuletea.

Wote wakainama juu ya simu. Kipikipiki kilisimama, kikafikiri, kikageuka.

– Amekata kona! akasema Hakimu, mkono kifuani.

– Anajuaje tulipo? akanong'ona Waziri.

Hapo simu ya Nevena ikaita. Kwenye kioo palikuwa na jina la chekechea na picha ya kiwavi anayecheka.

– Kubali, dada! Kubali!

Nevena akapeleka kichwa kushoto na kulia. Mlio ukanyamaza.

– Alo? akasema. Alo? Mwalimu?

Kimya. Hata pumzi ya mtu hakuna.

– Amekata, akasema, akaweka kikombe chini.

– Mtandao huo, akasema Antena haraka. Hata mimi wiki nzima ni hivyohivyo. Ralitsa anapiga, nakubali, inakatika. Anapiga, nakubali, inakatika. Ule mnara wa juu ya benki hauna nguvu.

– Si mnara, akasema Waziri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilisema njiwa wasilishwe pale juu. Wanakalia waya, mawimbi yanapita kwenye miguu yao.

– Njiwa hawakati simu, Stamen.

– Njiwa mmoja hakati. Mia je?

– Mimi nadhani ni supu, akasema Hakimu. Kitunguu saumu kinafukuza mambo mengi.

– Basi tujaribu, akasema Antena. Mzee, mpigie Nevena.

Waziri akavaa miwani, akapiga. Simu ikaita, Nevena akakubali, ikakatika. Akapiga tena, ikakatika tena.

– Unakubali kilegevu, akasema Antena. Kifaa hakisadiki. Kubali kama mtu mwenye nia!

– Kama niko harusini kwangu?

– Zaidi ya hapo!

Akakubali mpaka nywele zikamtoka kwenye kibanio na benchi likazunguka. Ikakatika haraka kuliko mwanzo.

– Sasa nimeelewa, akasema Waziri, akishusha sauti. Haisomwi na kifaa. Inasomwa na setilaiti. Setilaiti iko juu, inaona utosi. Nevena amekaa chini ya mti, kwa hiyo anaonwa nusu. Paka akiondoka panya hutawala.

– Hapo paka ni nani? akauliza Hakimu.

– Mti.

Wakamtoa Nevena chini ya mti. Akasimama juani katikati ya njia, mama mzima, mwenye miaka thelathini na minne na nguo hazijaanuliwa, ili setilaiti imwone utosi. Alijiona mjinga, lakini alikuwa tayari kusimama hata juu ya paa. Jumatatu ilikuwa inakuja na miguu yake yenyewe.

Bozhidar akamrushia mchanga. Simu ikaita. Kiwavi.

– Utosi juu! akapiga kelele Waziri. Kubali!

Nevena akakaza shingo, akakubali kwa mwili mzima, kushoto, kulia, kushoto. Pikipiki ilikuwa imesimama nyuma yake, na kijana aliyevaa kofia ya plastiki na begi mraba mgongoni alikuwa anamtazama huku ameshika mfuko wa mekitsi. Mlio ukakatika.

– Alo! Alo! Mama yangu, ni ya pili hiyo.

Ilibaki moja tu. Waziri akavua miwani, akaifuta.

– Genadi? akauliza yule kijana.

Antena akapeleka kichwa kushoto na kulia. Kijana akampa mfuko bila wasiwasi. Alikuwa Mnepali, mmoja wa wale waliokuja mwaka jana, na Kibulgaria chake kilikuwa cha milangoni tu: jina, ghorofa, chakula chema. Naye alikuwa na eafoni masikioni, nyeupe vilevile, zilizovimba vilevile. Akamgeukia Nevena.

– Mama, samahani. Simu hiyo ni ya mtu mbaya?

– Mtu mbaya? Ninaiomba tangu asubuhi!

– Sasa kwa nini unaikataa?

– Nani anakataa? Mimi nakubali! Wewe si umeona? Hivi!

Na akaonyesha, kushoto, kulia.

– Hapa ni kukubali, akasema kijana polepole, akitafuta maneno. Mimi mwezi wa kwanza nilirudisha vyakula vingi. Nauliza, ni chako? Mtu anafanya hivyo, naondoka. Ananifuata mbio kwenye ngazi. Lakini kifaa hiki... kilizaliwa hapa?

Wakatazamana. Antena akageuza kiboksi, akasoma chini, akageuza tena.

Nevena ndiye aliyeshtuka kwanza.

– Hakijui, akasema. Hakijui kwamba sisi Wabulgaria ndiyo yetu iko hivi, na kwa wengine hivi ni hapana. Nimemkatia mwalimu simu mara mbili kwa kichwa changu mwenyewe.

Antena akaketi.

– Wiki nzima, akasema. Wiki nzima Ralitsa anapiga na mimi namkatia usoni. Jana alituma ujumbe: Baba, nimekukosea nini? Nikadhani anatania.

– Utampigia baadaye, kwa kidole, akaamua Hakimu. Sasa ni zamu ya mtoto. Nevena, ikiita unakataa. Umesikia? Unakataa kama umeletewa posa na Stamen.

– Na mimi nimekosa nini? akasema Waziri.

– Na ukishapokea, akasema Antena, ameshika mekitsa asiyoila, jamani, mwalimu akikuuliza kitu usikubali! Kwa mdomo tu! Ukikubali kwa kichwa inakata!

Nevena akajaribu. Akasema „ndiyo” kwa mdomo, na papo hapo kichwa kikaondoka chenyewe kwenda kushoto. Akajaribu tena. Kikaondoka tena. Hakuna aliyewahi kumfundisha kusema ndiyo. Alizaliwa akaikuta shingoni.

Simu ikaita. Kiwavi akacheka.

– Kataa! wakasema wote, pamoja na Tsonka toka ardhini. Kataa, Nevena!

Akainua kidevu, akakishusha, akakiinua tena, kama anavyomfanyia Bozhidar akidai peremende ya tatu. Mlio ukakoma. Halafu sauti ya mwanamke, kavu, imechoka sawasawa na yake, ikamwingia masikioni.

– Alo? Mama wa Bozhidar? Nilikuwa nimeshaanza kukufuta. Bado mnaihitaji nafasi?

Nevena akafungua mdomo, na akahisi shingo inaanza kugeuka. Hakimu aliiona. Akatupa mekitsa yake chini, akamrukia, akamshika kichwa kwa mikono miwili iliyojaa mafuta na sukari, kama mtu anayeshikilia tikiti maji sokoni.

– Ndiyo, akasema Nevena, mashavu yamebanwa, midomo imetokeza kama ya samaki. Ndiyo, tunaihitaji.

– Mko sawa huko? Sauti yako sikuijua.

– Tuko sawa. Ndiyo.

– Cheti cha daktari mnacho?

– Ndiyo. Tunacho.

– Chanjo zote?

– Ndiyo.

Kila ndiyo, Hakimu alihisi shingo ile inavuta kama mbuzi kwenye kamba, naye anabana. Antena alikuwa amekishika kichwa chake mwenyewe, kwa tahadhari tu. Kijana wa pikipiki alikuwa na wateja wengine wa kuwafikia, lakini hakuondoka.

– Haya. Jumatatu saa moja, na viatu vya kubadilisha. Kwa heri.

Eafoni zikalia tini.

– Amekata nani? akauliza Antena.

– Amekata yeye. Amesema Jumatatu.

Hapo ndipo Hakimu akamwachia. Kichwa cha Nevena kikaondoka kwenda kushoto, kikaja kulia, kikaenda kushoto tena, sukari ikimdondoka nywelani, kikizitoa moja baada ya nyingine ndiyo zote alizokuwa amezuiliwa, na hakuna mtu aliyemwambia aache.