Dk. Nargis Barkat na Karatasi Mia Nne na Kumi na Mbili

Ndugu waombolezaji, mimi ni Yaqub, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi hii, nanyi mtanivumilia sauti ikikatika.

Dada yetu Nargis alizaliwa Sialkot, Pakistan, tarehe 14 Machi 1968, binti wa kwanza wa mshona mipira, akasoma shule ya misheni hadi 1984, akahitimu saikolojia Lahore mwaka 1992, na tarehe 9 Novemba 1996 akafunga ndoa na mwalimu Pervaiz, wakajaliwa binti mmoja, Sunila.

Mwaka 2017, akifundisha chuoni, alianza kulitafsiri kwa Kiurdu dodoso la kigeni linalompima kijana kwa ujasiri, ukweli na huruma yake, si kwa kasoro zake, na kila sentensi alimsomea Sunila jikoni, naye akimcheka, "Mama, huyu mtoto au wakili? Nani anaongea hivi?", basi dada anafuta, anaanza upya.

Tarehe 3 Oktoba 2019 lilijazwa na wanafunzi 412 wa shule moja, lakini karani alikuwa amechapa juu ya kila karatasi nafasi ya jina la mwanafunzi na la baba yake, kama ilivyo kwa kila mtihani wetu, na dada alipoona, watoto walikwisha kuandika, akazikusanya hivyo hivyo. Penye sentensi "Nasema ninaloamini hata wakubwa wakikasirika", msichana wa darasa la tisa aliongeza pembeni kwamba ndoa anayopangiwa haitaki. Mwalimu mmoja akampelekea baba yake karatasi ile, na tangu hapo msichana hajaonekana, wala kwao hatajwi.

"Yaqub, mimi ndiye niliyemuuliza," dada aliniambia, akazifungia sandukuni zile 411 zilizobaki, maana wengine nao waliandika pembeni.

Figo zake ziliacha kufanya kazi mwezi Novemba, akafariki Jumanne, tarehe 21 Januari 2020, baada ya kuniagiza nikate majina yote kwenye karatasi zile. Jana, wageni wakinywa chai, nilikuta kufuli la sanduku limevunjwa, nikahesabu mara tatu, ni 410. Kwa orodha ya wanafunzi nikajua inayokosekana ni ya nani, leo asubuhi nikaenda kwao, nikaambiwa amesafiri. Ninaogopa, nasema wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia wali, wenzake wa chuoni, na wote mlioingia nyumbani kwetu, isipokuwa mmoja, ambaye namsihi aseme mtoto huyu wa pili yuko wapi.

Dada, pumzika wewe kwa amani, sisi bado hatuwezi.